Watu 180 Mji Mkongwe: vikao viwe wapi, jioni ziwe wapi

Swali: "Mimi ni katibu wa chama cha kitaaluma chenye wanachama Tanzania, Kenya na Uganda. Mwakani tuna mkutano wa siku 3, washiriki 180. Kamati imependekeza Mji Mkongwe, Unguja, tena ndani ya jengo la kihistoria linalotazama bahari. Mweka hazina anaona Mombasa au Dar es Salaam itakuwa rahisi zaidi. Je, Mji Mkongwe unatumudu? Tuanzie wapi na tujihadhari na nini?"

Ndugu katibu,

Mji Mkongwe unawamudu, lakini si ndani ya jengo moja. Watu 180 hawaenei pamoja kwenye nyumba ya kale ya mji ule, na hoteli za ufukweni hazina vyumba vya kuwalaza wote. Ushauri wetu ni huu: vikao vya mchana viwekwe kwenye ukumbi wa kisasa pembezoni mwa mji, na kila jioni ifanyike ndani ya Mji Mkongwe wenyewe. Kamati ikikataa kutoka nje ya mji wa kale hata kidogo, basi mkutano uwe wa watu wasiozidi 80 hivi.

Sababu iko darini. Nyumba za Mji Mkongwe zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na sakafu ya kila ghorofa ikalazwa juu ya boriti za mikoko. Boriti humudu upana wa mita 3 hivi, haiendi mbali zaidi. Mwenye mali alijenga chumba kirefu, akatia nakshi mlangoni, akaongeza ghorofa, ila upana ulibaki ule ule wa boriti. Ndiyo maana chumba kikubwa cha nyumba ya kale kina umbo la ukanda: ukipanga viti unapata safu nyingi za watu wanne wanne, na aliyekaa nyuma haoni kitu. Jumba la Beit el Ajaib, lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, lilivuka kipimo hicho kwa sababu lilitumia nguzo na mihimili ya chuma. Sehemu ya jengo hilo iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, kwa hiyo msiliweke kwenye mpango.

Boriti hizo hizo zina neno jingine la kuwaambia. Tafrija ya watu 150 waliosimama hubana uzito mwingi mahali padogo kuliko familia iliyoishi humo miaka 100. Mkipewa ghorofa au paa la nyumba ya zamani kwa tafrija, ombeni kwa maandishi idadi ya juu inayoruhusiwa kusimama pale kwa pamoja. Mwenye nyumba akijibu kwa mdomo tu, hamisheni tafrija ua wa chini.

Sasa vyumba vya kulala. Hoteli mbili kubwa za mtaa wa Shangani zinazotazama bahari ni Zanzibar Serena, yenye vyumba 51, na Park Hyatt, yenye 67. Jumla ni 118, na hapo ni kama hakuna mgeni mwingine hata mmoja. Kuwalaza watu 180 ndani ya mji kuna maana ya kuongeza hoteli kadhaa ndogo zilizo ndani ya nyumba za kale, ambako hakuna vyumba viwili vinavyolingana, ngazi ni za mteremko mkali na lifti ni nadra. Kwenye fomu ya kujiandikisha wekeni swali moja la wazi: "Je, unaweza kupanda ngazi hadi ghorofa ya 2?" Jibu la hapana lipewe chumba cha chini siku hiyo hiyo, lisisubiri wiki ya mkutano.

Ukumbi wenyewe muupime kwa mita, msiupime kwa brosha. Brosha huandika idadi ya viti vilivyopangwa safu bila meza, mara nyingi bila jukwaa, bila meza ya fundi mitambo, bila njia za kupita. Kwa mpangilio huo kila mtu anahitaji mita ya mraba 1 hivi. Kwa meza za darasani, ambazo mtazihitaji ili washiriki waandike, hesabuni 1.8. Watu 180 mara 1.8 ni mita za mraba 324. Ongezeni 40 za jukwaa na mitambo, mnafika karibu 360. Mkitaka meza za duara zenye kipenyo cha sentimita 180, wakae 8 kila meza ili wote watazame jukwaani: meza 23, na kila moja pamoja na viti vyake hula mita za mraba 12. Ukumbi ulioandikwa "watu 200" unaweza kabisa kushindwa kuwatosha.

Kimo nacho kinasahaulika. Mtu wa safu ya mwisho asiwe mbali zaidi ya mara 6 ya kimo cha skrini. Ukumbi wenye kina cha mita 18 unataka skrini ya mita 3, na ukingo wake wa chini uanzie mita 1.3 hivi kutoka sakafuni ili vichwa visizibe. Dari iwe na mita 4.5 zilizo wazi, bila feni wala taa ya kuning'inia katikati. Ukumbi mpana na mfupi ni bora kuliko mrefu na mwembamba. Na nguzo za katikati ya ukumbi zihesabiwe: kila nguzo huwanyima watu kadhaa nafasi ya kuona.

Kumbi za kukagua ni hizi. Mtoni, kaskazini ya bandari, ipo Hotel Verde yenye kumbi za mikutano. Mbweni, upande wa uwanja wa ndege, ipo Madinat al Bahr. Kikwajuni, ng'ambo ya Mnazi Mmoja, upo ukumbi wa Sheikh Idrissa Abdul-wakil, ambao ni wa umma na uko karibu zaidi na mji wa kale; ukumbi wa aina hiyo mtaletea wenyewe chakula, mapambo na pengine hata mitambo, kwa hiyo bei yake ndogo msiilinganishe moja kwa moja na ya hoteli. Kutoka Mtoni hadi Forodhani, ufukweni mwa Mji Mkongwe, ni kilomita chache tu, ila barabara hiyo hupita bandarini na jirani na soko la Darajani, na jioni husongamana. Wekeni dakika 40 kwenye ratiba. Kosta 7 zinatosha watu 180. Washushwe barabara ya Mizingani au Forodhani, maana gari halipiti vichochoroni na kosta ikijaribu kugeuza Shangani inafunga mtaa mzima.

Mweka hazina wenu ana hoja. Dar es Salaam ina Kituo cha Kimataifa cha Mikutano cha Julius Nyerere, kilichofunguliwa mwaka 2013, pale pale ufukweni mwa mji, chenye ukumbi wa watu zaidi ya 1,000. Mombasa ina Ngome ya Yesu, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, reli ya SGR kutoka Nairobi, na hoteli kubwa za mikutano za pwani ya kaskazini kama Sarova Whitesands, ambazo zinawalaza wote mahali pamoja. Mkutano ukizidi watu 400, au ukiwa na maonyesho ya mitambo mizito, msihangaike na Unguja. Kwa watu 180 ambao nusu ya faida yao ni kukaa pamoja baada ya kikao, Mji Mkongwe hauna mpinzani pwani hii. Mshiriki akitoka hotelini usiku anatembea dakika 10 na tayari amekutana na wenzake 20 kwenye baraza. Hoteli ya pwani iliyojitenga haiwezi kutoa hilo.

Tarehe ndiyo itakayowapa au kuwanyima kila kitu, basi ipangeni kabla ya ukumbi. Epukeni Aprili na Mei, kipindi cha masika: mvua ni za siku nzima, hoteli nyingine hufunga kwa ukarabati, na jioni za nje haziwezekani. Vuli ya Novemba huja kwa manyunyu na hupita; inavumilika mkiwa na hema. Februari mji hujaa watu wa tamasha la Sauti za Busara. Julai na Agosti ni msimu wa watalii, bei juu. Tarehe 12 Januari ni Siku ya Mapinduzi, na siku za kuelekea hapo kumbi za umma na viongozi wa kuwafungulia mkutano wana shughuli nyingine. Sisi tungechukua wiki ya mwisho ya Septemba au nusu ya kwanza ya Oktoba: kusi, upepo wa kutoka kusini, imepungua nguvu, joto halijawa kali, na hoteli ziko tayari kujadiliana.

Ramadhani msiiguse. Kila mwaka huanza mapema zaidi kwa siku 11 hivi, na mwaka 2027 inatarajiwa kuanza karibu na tarehe 8 Februari. Mchana kula hadharani hakukubaliki, migahawa mingi hufungwa, na wafanyakazi wa ukumbi wamefunga. Chai ya saa 4 na chakula cha mchana cha watu 180 katika hali hiyo ni kuwakosea wenyeji adabu. Hata nje ya Ramadhani, Ijumaa kikao kisimame kuanzia saa 6 mchana hadi saa 8. Ikiwezekana Ijumaa ndiyo iwe siku ya kumaliza, mkutano ufungwe saa 5 na nusu.

Hapo hapo kwenye tarehe, tazameni mwezi. Waandaaji wengi wa mikutano kutoka bara hawalijui hili, na ndilo linaloharibu safari za baharini. Maji ya Unguja hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, yakichelewa dakika 50 hivi kila siku. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa hufika mita 4 hivi. Siku za maji mafu, zilizo katikati ya bamvua mbili, tofauti hiyo ni ndogo zaidi. Wakati wa bamvua maji hujaa karibu saa 10 alasiri na kupwa karibu saa 4 usiku. Maana yake ni kwamba jahazi la kutazama jua likizama linaondoka vizuri saa 11 jioni, maji yakiwa bado juu, ila likichelewa kurudi hadi saa 3 usiku litasimama mbali na ufukwe na wageni wenu watavua viatu na kupita majini gizani. Asubuhi ya saa 4 siku hizo hizo maji yamekupwa, kwa hiyo safari ya asubuhi ya kisiwa cha Changuu nayo inaanza kwa kukanyaga maji. Chukueni jedwali la maji kujaa na kupwa la mwezi wa mkutano, muwekeni nahodha na mwandaaji wa chakula meza moja, ndipo mpange saa. Na mhesabu maboya ya kuvaa, moja kwa kila mtu, kwa macho yenu, siku moja kabla.

Mji unatazama magharibi, na jua huzama kati ya saa 12 na robo na saa 12 na dakika 45 jioni kulingana na mwezi. Jukwaa la tafrija likiwekwa upande wa bahari, wageni wote wanapigwa jua usoni kabla halijazama, na picha zote zinatoka nyeusi. Liwekeni upande wa kaskazini au kusini wa uwanja. Hotuba zianze baada ya Magharibi: jua likizama adhana hutoka kila upande wa mji, na hakuna kipaza sauti kinachopaswa kushindana nayo. Acheni dakika 30. Wapeni wageni kahawa ya buni na haluwa, wanaosali wakasali, kisha muanze.

Kwa jioni kubwa tungependekeza Ngome Kongwe, iliyojengwa na Waomani baada ya kuwaondoa Wareno mwishoni mwa karne ya 17. Ndani mna uwanja wa wazi wenye ngazi za kukalia, na kuta zake huzuia upepo. Omba kibali mapema kwa mamlaka inayosimamia jengo. Mji Mkongwe uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na chochote kinachogusa ukuta, iwe msumari, bango au kamba ya taa, kiulizwe kwanza kwa Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Tumieni fremu zinazosimama zenyewe, zenye uzito chini. Kuta za chokaa hutoboka kwa urahisi na tundu haliponi. Muziki uwe taarab. Nadi Ikhwan Safaa ni kikundi kilichoanza mwaka 1905, na kumleta mgeni Unguja bila kumsikilizisha qanuni na fidla ni kumnyima haki yake. Mwulizeni kiongozi wa kikundi anahitaji nafasi kiasi gani. Kikundi kizima hakienei kwenye jukwaa la mita 4.

Lililoko Mkunazini tunalisema kwa uzito. Kanisa Kuu la Anglikana limejengwa palipokuwa soko la watumwa. Wapelekeni washiriki kwa makundi ya watu 15, kila kundi na mwongozaji mwenye leseni, wakiwa na saa nzima. Pasiwe mahali pa kupitia kwa dakika 10 kabla ya tafrija, wala pasitumike kwa shamrashamra zozote.

Umeme wa Unguja hutoka bara kwa waya wa chini ya bahari. Waya wa zamani ulipoharibika Desemba 2009 kisiwa kilikaa gizani miezi 3. Mwaka 2013 ukalazwa mpya wa megawati 100, na hali ni nyingine kabisa. Hata hivyo kukatika kwa muda mfupi kupo. Mkikagua ukumbi, msiulize kama jenereta ipo. Ombeni umeme uzimwe mbele yenu, mhesabu sekunde. Jenereta nzuri hupokea ndani ya sekunde 10 hadi 30, lakini sekunde hizo zinatosha kuzima projekta, ambayo huhitaji dakika kadhaa kuwaka tena, na kukata matangazo ya moja kwa moja ya mtandaoni. Projekta, kompyuta ya jukwaani, mitambo ya sauti na kifaa cha intaneti vyote vikae kwenye betri ya akiba. Mwulize pia kama jenereta inaendesha viyoyozi vya ukumbi au taa tu. Watu 180 bila kiyoyozi, kwa unyevu wa pwani, hawavumilii zaidi ya nusu saa.

Intaneti: washiriki 180 hubeba simu na kompyuta, kwa hiyo hesabuni vifaa 360. Kifaa kimoja cha kurushia mawimbi kisibebe zaidi ya watu 40 hadi 50, hivyo ukumbi unataka 4 au 5. Matangazo ya moja kwa moja yapewe waya wake peke yake, usiochangiwa na mtu. Ndani ya nyumba za kale msitegemee mawimbi ya chumba cha jirani, kwani ukuta wa matumbawe wa nusu mita huyameza yote.

Kuhusu kuingia nchini, wanachama wenu wa Kenya na Uganda waje na cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na chanjo huhesabika kuanzia siku ya 10 baada ya kuchomwa. Anayechomwa wiki ya safari amechelewa. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 wageni wasio Watanzania wanaoingia Zanzibar hulipia bima ya safari kwa Shirika la Bima la Zanzibar, na kiwango kilichotangazwa kilikuwa dola 44 kwa mtu mzima. Ulizeni kiwango kinachowahusu raia wa Afrika Mashariki kabla ya kutangaza ada ya mkutano, maana kikisahaulika kitalipwa na chama. Msilete mifuko ya plastiki ya mkutano: Zanzibar iliipiga marufuku tangu mwaka 2006. Ukili unafanya mfuko mzuri, na wasukaji wapo. Wapeni oda miezi 2 kabla.

Boti kutoka Dar es Salaam huchukua karibu saa 2. Wakati wa kusi bahari huchafuka na watu hutapika. Mtoa mada asiwekwe kwenye boti ya asubuhi ya siku anayozungumza. Avuke siku moja kabla. Kila mtu, hata Mtanzania, awe na kitambulisho mkononi.

Kwenye mkataba, shikeni mambo machache. Idadi ya uhakika ya chakula itolewe siku 3 kabla, si siku 14. Vyumba mlivyoshika viwe na haki ya kupunguzwa bila faini hadi siku 60 kabla, walau kwa asilimia 20. Bei iandikwe ikiwa na kodi zote ndani. Kiwango cha kawaida cha VAT Zanzibar ni asilimia 15 na cha bara ni 18, na hoteli huongeza pia tozo ya miundombinu kwa kila mgeni kwa kila usiku. Ankara kifani isiyotaja tozo hiyo itawashangaza mwisho. Iandikwe pia kwamba ukumbi ni wenu tangu saa 8 mchana wa siku iliyotangulia. Hoteli hupenda kuweka harusi usiku huo, na fundi wenu wa sauti ataanza kazi saa 9 usiku.

Mkisafirisha mitambo yenu kutoka bara, andikeni orodha ya kila kifaa na namba yake ya kiwandani, igongwe muhuri wa forodha mnapoingia bandarini Malindi, na nakala akae nayo mtu atakayerudi na mzigo. Bila orodha hiyo, siku ya kurudi Dar es Salaam vipaza sauti vyenu wenyewe vitahesabiwa kama bidhaa mpya kutoka Zanzibar na mtadaiwa ushuru. Mwenye orodha asipande boti ya kwanza na wenzake. Abaki hadi mzigo wa mwisho umepakiwa.